Mstari wa Wanaojulikana

Butembo, tarehe 8 Septemba 2025

Kaswera, mwanangu,

Wavukire. Nakuandikia juu kwa simu weye hapana sema. Nakupigia, unaitika "eee, shangazi," kisha unanyamaza, na unité yangu ya simu inaisha miye nikisikiliza ndege za uwanja yenu ya Mavivi. Masista walikufunza kuandika, basi andika. Précieux wa taxi anashuka Beni kila siku, atabeba barua.

Hapa soko yote inajua kama mtoto wa kaka yangu iko kwa mashine ya kutazama mizigo. Mama Julie wa viazi aliniuliza, "Ule mwenye kujificha nyuma ya mlango wageni bakifika? Ule ndiye anafungula batu masanduku?" Nikamwambia: ule ule! Tangu barabara ya Goma ikatike, kila mutu mwenye kintu cha kuuzisha anatazama mbinguni, na mlango wa mbinguni iko kwa mukono yako.

Sasa sikiliza. Jeudi ya juma hii Keren anapanda ndege ya Kinshasa na sanduku yangu. Ndani niko natia maharagwe, na fromage za Lubero, ile maziwa ya ngombe yenye kugandishwa, katikati, sawa tunafanyaka siku zote: kizuri kinakaa kwa roho ya muzigo, mwizi asikione. Na kakintu ka Edmond, fiancé wa Keren, ule mwenye kutengeneza simu. Anakatuma kwa ndugu yake kule Kinshasa. Sikukafungula. Kintu cha kutumwa hapana fungula, unajua, na zaidi kama ni cha mutu mwenye kutaka kuoa mtoto yako.

Chef yako Bertrand alipita hapa, akakula fromage yangu, akasema, "Mama Victorine, weye iko connue, mutu mwenye kujulikana." Akanipa utepe wa kijani. Nikifunga utepe ule kwa sanduku, inapita pembeni, mashine haiitazame. Ona vile Mungu anainua batu! Basi jeudi ukiona utepe, acha ipite. Usinitie haya.

Shangazi yako,
Victorine


Mavivi, tarehe 9 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Wavukire na wewe, na watu wote wa nyumbani. Ni kweli kwa simu ninanyamaza. Nikisikia sauti yako maneno yangu yanakimbia kama vifaranga walioona mwewe. Kwa kalamu yanatulia kidogo.

Unasema mimi ndiye ninayefungua masanduku ya watu. Shangazi, tangu nianze kazi hapa sijafungua hata moja. Siku ya kwanza alikuja mama mzee mwenye gunia, nikapaswa kumwambia "fungula." Nikasema polepole sana. Akatega sikio: "Unasema je, mutoto?" Nikamjibu, "Nasema safari njema, koko." Akanibariki, akapita. Ornella, binti tunayefanya naye kazi, alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo chef amenikalisha nyuma ya skrini, mahali ambapo mtu hasemi.

Lakini nyuma ya skrini nimejifunza kuona. Chakula, nguo na mbao vinatokea na rangi ya machungwa. Chuma kinatokea bluu, na kikiwa kinene kinakuwa cheusi. Mzigo uliopangwa vizuri naelewa upesi. Mzigo uliofichwa kizuri chake katikati, kama tunavyofanya sisi wote, ni kama uji: rangi juu ya rangi. Lazima tuurudishe nyuma, tuugeuze, tuupitishe tena. Foleni inatoka nje mpaka kwa wauza maji, watoto wanalia, rubani anatazama saa.

Ndiyo maana chef Bertrand aliweka kamba ya pili. Anaiita mstari wa wanaojulikana. Mwenye utepe wa kijani anapita na mzigo wake bila mashine, na foleni inapungua. Watu wanamsifu. Chef si mtu mbaya. Ametoka Kananga, anataka ndege ziondoke kwa wakati, ili kwao wasiseme Beni imemshinda. Lakini mimi mstari ule siupendi, na sijamwambia mtu ila wewe. Hapa Beni, kwa sababu ya vita na mabomu, hakuna lupango, hakuna nyumba, isiyo na mtu iliyemzika kabla ya siku zake. Kisha tunatoboa mlango ambao hakuna anayeutazama, na tunaupamba na utepe!

Nakuomba hivi. Fromage uziweke ndani ya karton, zilale kwa ubavu mmoja, zisipandane. Maharagwe yawe na mfuko wake. Kifurushi cha Edmond kibaki mpaka aseme kina nini. Na sanduku lifike mercredi jioni, yaani kesho, si jeudi wakati watu wanasukumana. Ukifanya hivyo litapita kwa mashine mbio kuliko wenye utepe.

Kama likija na utepe, shangazi, nitaliingiza kwa mashine. Ninakuandikia mapema ili usiseme sikukuambia.

Mtoto wako,
Kaswera


Butembo, tarehe 12 Septemba 2025

Kaswera,

Barua yako imefika jana jioni. Gari ya dereva mwenzake na Précieux ililala Kabasha siku mbili na pneu yake imepasuka, na barua ndani ya mufuko yake. Nilipoisoma, kintu ulisema utafanya ulikuwa umekwisha kukifanya.

Keren amenipigia toka Kinshasa, analia. Amefika mikono mitupu. Wenye kununua fromage walikuya kumungojea, wakaona binti na sac à main, kamufuko ka mukono tu. Na Précieux, mwenye alileta sanduku mpaka kwa grillage, ile senyenge ya uwanja, na akabaki kutazama, ameeleza soko yote. Anasimama katikati ya bamama na kuigiza: "Kaswera alisimama mbele ya sanduku na mikono wazi, sawa gardien wa ballon kwa goli! Chef anasema pitisha, ule mutoto anatikisa kichwa! Mama Victorine, fromage zako zililala kwa meza sawa maiti. Soda mumoja, na bunduki yake mugongoni, akauliza, 'Oyo nini? Savon ya kufulia?' Akakata, akaonja, akakata tena!"

Banacheka. Mama Julie anacheka. Miye pia ningecheka kama ingekuwa mutu mwingine.

Kaswera, miye nilikubeba mugongoni tulipokimbia vita kule Kasugho, na mama yako mugonjwa, na mvua. Sikukuuliza kama uko na nini ndani ya nguo. Weye umenivula nguo mbele ya Mavivi yote. Mutu akifungula sanduku ya shangazi yake, anasema nini kwa batu? Anasema shangazi yangu ni mwizi. Ao anasema mubaya kuliko ile, hapa kwetu, wakati huu.

Ungeweza kunyamaza. Siku moja tu ungenyamaza kwa faida yangu!

Victorine


Mavivi, tarehe 13 Septemba 2025

Shangazi,

Umenikasirikia, na sikuombi uache. Nakuomba tu usome mpaka mwisho. Kuna jambo ambalo Précieux hakuliona, kwa sababu mimi nililificha.

Keren alikuwa amekwisha kuingia ndani ya ndege. Wabebaji wakaleta sanduku kwa njia ya pembeni, utepe unapepea. Nilitoka nyuma ya skrini. Sijui miguu ilitoka wapi. Chef akaniita:

"Mademoiselle! Utepe! Hapana ona utepe?"

"Ninauona, chef."

"Donc? Basi?"

"Donc liingie kwa mashine."

"Ni ya shangazi yako! Mutu connue! Vite, vite, rubani anangoja."

Nikasema, "Hapana."

Wewe unajua, kwetu hapana ni neno linalobeba mengine: hapana jua, hapana taka, hapana kula. Sikuwa nimewahi kulisimamisha peke yake mbele ya mtu mzima. Chef mwenyewe alitazama nyuma, kama aliyedhani mtu mwingine amesema.

Nililiingiza kwa sababu ni lako. Nikipitisha la shangazi yangu bila kulitazama, nitasimamishaje la mama mwingine asiye na ndugu hapa?

Kwenye skrini niliona maharagwe kama mchanga, na fromage zako, mviringo mnene wa machungwa. Na katikati ya fromage, safu ya vipande vyeusi vilivyopangwa kama biskuti. Tulifungua. Kifurushi cha Edmond kilikuwa betri za simu, kuukuu, zimefungwa ndani ya kitambaa cha mtoto. Nyingi zilikuwa zimevimba kama mikate ya mafuta. Zilitoa harufu tamu, kama vernis ya kupaka kucha.

Ornella alizitambua. Hiyo walitufundisha: betri iliyovimba, ikibanwa ao ikigongwa, inaweza kushika moto yenyewe, na moto wake ni mgumu kuzima. Sanduku lingelala tumboni mwa ndege, chini ya mizigo mingine, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona moshi. Na juu yake, kwa kiti, Keren.

Nilizitoa nimezifunika na kitenge changu, watu wasizione. Nikazipeleka nyuma, tukazilaza ndani ya ndoo ya mchanga. Ndiyo maana soko lenu linacheka fromage tu. Nilifikiri: heri waseme Kaswera ni mjinga kuliko waseme Mama Victorine alibeba moto. Fromage ambazo soda hakukata ziko kwa masista, mahali pa baridi, na sanduku na utepe wake Précieux atakurudishia.

Shangazi, nitakuambia ukweli wote. Hakuna kilichowaka. Zimelala ndani ya mchanga mpaka leo, kimya. Chef ananipeleka pale kila asubuhi: "Tu vois? Unaona? Iko wapi moto yako?" Sina moshi wa kumwonyesha, wala wewe.

Sasa jambo baya. Mardi, siku tatu toka leo, wageni wanatoka Kinshasa kutazama namna tunavyokagua. Wamesikia foleni yetu imekuwa mbio, wanataka kuona mstari wa wanaojulikana ili wauweke na kwa viwanja vingine. Watauliza kama kuna kitu kibaya kilichopita pale. Anayekaa kwa skrini ndiye anayejibu. Chef ameniita pembeni, akasema na sauti ya upole: "Kaswera, ukisema betri, utasema zilikuwa kwa sanduku ya nani. Shangazi yako hatapandisha tena hata kilo ya maharagwe. Miye namulinda yeye, weye unalinda mustari yangu. C'est simple."

Si simple. Niambie unachofikiri.

Kaswera


Butembo, tarehe 14 Septemba 2025, nyuma ya misa

Kaswera,

Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili, na mlango umefungwa.

Edmond ni mutoto wa choral ya kanisa. Hapana muuaji. Alitia betri kwa sababu ndugu yake kule anauzisha vyuma vya ndani ya betri. Hakutaka kuchoma mutu, zaidi Keren. Na betri ni betri! Kila mutu ndani ya ndege iko na simu kwa mufuko, na kila simu iko na betri, na ndege hapana anguka. Ile Ornella yako alijifunza kwa siku ngapi?

Unaniuliza nafikiri nini. Nafikiri hivi. Familia ya Edmond bametuma ujumbe: banakuya kutuona samedi, mwisho wa juma hii. Nikianza kumuuliza mukwe kama kifurushi yake ilikuwa na nini, nani atakaa chini na miye? Na fromage ndiyo inalisha nyumba hii tangu shamba ya Kasugho imebaki kwa batu ba pori na bunduki zabo. Chef Bertrand anataka amani. Miye nataka amani. Betri zako zimelala kwa mchanga, zenyewe pia zinataka amani.

Basi mardi bakikuuliza, sema hakuna kintu. Ao usiseme. Mungu alikupa kintu moya mukubwa, kunyamaza. Kila siku nilikuwa nakulaumu juu yake. Leo nakuomba: tumika nayo.

Ukisema jina yangu kwa batu ba Kinshasa, usinijue tena.

Victorine


Mavivi, tarehe 15 Septemba 2025

Shangazi,

Hapana.

Simu ya mtu iko mkononi mwake. Ikipata moto atapiga kelele na watu wataona. Betri za Edmond zilikuwa zimevimba, zimebanwa na fromage, gizani. Tofauti hii siwezi kuifuta kwa sababu ninakupenda.

Ulinibeba kutoka Kasugho bila kuniuliza nina nini ndani ya nguo. Ninajua. Lakini nilikuwa mtoto mgongoni kwako, na ungesikia nikilia. Sanduku halilii.

Ninyi wote mnapenda kunyamaza kwangu kwa sababu kunawafaa. Chef anapenda ninyamaze. Wewe sasa unapenda hivyo hivyo. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya kuogopa, si kwa sababu ya kukubali, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni lipi kati ya hayo.

Kesho nitasema betri, na nitasema sanduku lilikuwa lako. Nitasema pia kwamba hukujua, kwa sababu ndiyo kweli. Kama hutanijua tena, mimi nitaendelea kukujua.

Muulize Edmond betri ikivimba inafanya nini. Usimuulize kama mkwe. Muulize kama fundi.

Kaswera


Mavivi, tarehe 17 Septemba 2025

Shangazi,

Précieux alirudi bila barua. Ninaandika hata hivyo, usije ukasikia kwa soko.

Wageni walikuja, mama mmoja anaitwa Aurélie na bwana mmoja aliyekohoa sana. Chef alivaa koti. Watu wenye utepe walipita mbio, wakitabasamu kama siku ya arusi. Mama Aurélie akaja kwa skrini, akauliza kwa Kifaransa kama kuna kitu cha hatari kimewahi kuonekana kwa mstari ule. Chef akajibu mbele yangu kwamba hakuna hata kimoja: "Jamais, madame. Rien à signaler."

Nikasema, "Kilionekana." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Mama Aurélie akainama: "Pardon, ma fille?" Nilishika meza, shangazi. Nikasema kwa nguvu, na kumbe nilisema kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu hata watu wa foleni waligeuka. Nikawapeleka kwa ndoo. Nikasema sanduku la nani, na kwamba mwenyewe alibebeshwa bila kujua, kama sisi wote tunavyobebeshwa, kwa sababu kwetu kufungua kitu cha kutumwa ni kumtukana aliyekutuma. Yule bwana akasema, "Kwetu pia, binti." Akakohoa.

Nilidhani mstari utafungwa palepale. Haukufungwa. Waliandika, wakala, wakapanda ndege. Wamesema watafikiri.

Chef ameniondoa kwa skrini. Sasa ninasimama langoni, nje, juani, naonyesha watu njia: utepe kushoto, wasio na utepe kulia. Anasema kwa kuwa napenda kusema, nikaseme pale. Mzigo wako umesimamishwa mpaka wewe mwenyewe uje ueleze. Najua ni mimi niliyefanya hivyo. Usiku nalia kidogo, Ornella anajifanya analala.

Ningesema tena.

Kaswera


Butembo, tarehe 23 Septemba 2025

Kaswera,

Sikukusamehe. Naandika juu ya kazi tu.

Edmond alikuya samedi na mama yake na mjomba wake. Bameleta kuku. Tulipokwisha kukula, nikasema, "Edmond, weye ni fundi. Betri ikivimba, inafanya nini?" Mama yake akaniangalia vibaya. Mjomba akasema, "Ndiyo maneno ya siku kama hii?" Edmond alitazama viatu vyake. Nikamungojea. Akaendelea kutazama viatu.

Nilimurudishia kuku ingine yenye ilikuwa bado muzima, na maneno ya kuoa ikaisha pale.

Keren ananikasirikia toka Kinshasa, kisha anapiga tena kuniuliza vile vile mambo ya betri, na sauti yake ndogo. Hakujua kama alikuwa amekaa juu yake. Nilipomwambia, aliniomba nimurudilie tena na tena. Unité yake ikaisha.

Jeudi napanda ndege miye mwenyewe.

Victorine


Mavivi, tarehe 26 Septemba 2025
Kwa Mama Victorine, kwa mkono wa Keren, Kinshasa

Shangazi,

Jana ulipita mbele yangu langoni bila kunisalimia. Nilisema "karibu, shangazi," ukasema "wasingya," asante tu, kama unavyowaambia wateja, ukaendelea. Sikukufuata. Lakini kutoka pale niliposimama niliona na kusikia yote, na nataka ujue nilichoona, kwa sababu wewe uliingia ndani ya ndege na sehemu nyingine hukuiona.

Ulikuwa na sanduku kichwani na ule utepe wa kijani bado umefungwa juu yake. Moyo wangu ulianguka. Chef alikuona toka mbali, akafungua mikono: "Ah, Mama Victorine! Yale maneno tumemaliza, weye uko bado connue. Pita huku, maman, pita." Akainua kamba mwenyewe.

Ukaweka sanduku chini. Ukafungua utepe polepole, ukaukunja vizuri kama mtu anayekunja nappe, kitambaa cha altare, ukamtia mkononi. Ukasema, na Mavivi yote ilisikia:

"Miye najulikana, chef. Sanduku haijulikane. Hata miye mwenyewe sikuijua. Mashine iko wapi?"

"Mais maman, foleni ni mrefu..."

"Miye nilikimbia Kasugho kwa miguu. Foleni yako ni mrefu kuliko ile?"

Watu walicheka. Ukaenda kulia, nyuma ya mama mwenye mapacha. Nilikuona ukipiga magoti na kufungua sanduku mbele ya watu wote, wewe ambaye hata Mama Julie hukumruhusu kuona ndani. Fromage zilikuwa zimelala kwa ubavu mmoja ndani ya karton. Maharagwe yalikuwa na mfuko wake. Ornella anasema lilipita mara moja tu, hakulirudisha. Yeye ndiye aliyekwambia "safari njema, maman," na wewe ukamwambia, "Sauti yako inasikika. Mufundishe ule wa nje." Ameniletea neno hilo mbio, kabla ndege haijawasha injini.

Sasa nilichotaka kukuambia. Ulipokwisha kuingia, mama mmoja wa samaki mwenye utepe alisimama katikati, anatazama huku na huku. Akaniuliza, "Mutoto, nifuate wapi?" Kazi yangu ni kuonyesha kushoto. Nikasema, "Mama, kama ni mimi, ningefuata ule mwenye fromage." Akaingia kulia. Aliyekuwa nyuma yake akamfuata. Kisha mwenye vitenge. Sijui kama waliogopa moto ao waliogopa kuonekana wenye kuficha kuliko wewe. Nilitembea kando ya foleni nikiwaambia: fungueni hapa, kabla ya kufika kwa mashine, kizuri kiweke juu, si katikati, kitu cha kutumwa shika mkononi na useme ni cha nani. Mama mmoja alinitukana. Nikamwambia tena. Akafungua.

Foleni ilitembea. Haikuwa mbio kama ya utepe, sitadanganya. Rubani alitazama saa, lakini hakupiga kelele.

Kushoto alibaki chef peke yake na kamba zake mbili, na bwana mmoja mwenye koti aliyepita pale akitazama chini.

Jioni chef aliniita. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema Kinshasa bado wanafikiri kuhusu mstari wake, na yeye hawezi kuwa na mtu langoni anayefundisha abiria kumkataa. Akasema lundi ijayo atanipeleka kwa parking ya magari, kule mwisho, mahali ambapo hakuna abiria wa kunisikia.

Nilitaka kunyamaza, shangazi. Nilijaribu, kwa kweli.

Nikamuuliza kama mizigo haipiti kwa parking pia, kabla ya kufika kwa kamba zake.

Mtoto wako,
Kaswera